Siku Tatu za Kongamano Bila Ukumbi: Tathmini ya Huduma Tuliyoinunua Arusha

Chama chetu cha kitaaluma hufanya kongamano kila baada ya miaka miwili, na mara nyingi tumelifanyia Arusha, mji ulioizoea kazi ya kupokea wageni wenye vitambulisho shingoni tangu Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC, kilipoanzishwa mwaka 1978. Safari hii fedha hazikutosha tiketi za ndege. Wenzetu wa Accra, Ibadan na Kinshasa walikuwa wametuandikia mapema kwamba vyuo vyao havina bajeti ya safari, na kamati ikaona kuliko nusu yetu tukae ukumbini huku nusu nyingine ikichungulia kupitia skrini moja ukutani, ni heri wote tuwe sawa: siku zote tatu ziwe mtandaoni, bila ukumbi hata mmoja. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi, na ndiye niliyetia saini mkataba na kampuni moja ya mjini hapa inayoendesha mikutano ya namna hiyo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayosema si ya kuipendeza na bado tunafanya nayo kazi. Lakini kamati nyingine zitakazoletewa ankara kifani, yaani ile ya makadirio inayotolewa kabla ya kazi, kama ile yetu zina haki ya kujua ni kipi ndani yake chenye thamani ya fedha na kipi ni pambo.

Ankara ilikuwa ya shilingi milioni 9.5 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na ukiongeza ile asilimia 18 ya serikali tunafika milioni 11 na laki mbili na kitu. Kwa fedha hizo tuliahidiwa vyumba vinne vya vikao sambamba kwenye Zoom, studio ndogo ya wazungumzaji wakuu, wakalimani wa lugha tatu, tovuti ya kongamano, chumba cha mabango ambayo watafiti huyatumia kueleza kazi zao, rekodi zilizohaririwa na vyeti vya ushiriki. Wapo wajumbe wa kamati walioguna kwamba Zoom kila mtu anayo kwenye simu yake, sasa milioni zote hizo ni za nini. Niliwakumbusha kwamba kongamano letu la mwisho la ana kwa ana, chai na chakula cha mchana peke yake vilizidi kiasi hicho, wala hakuna aliyeuliza kwa nini tulipie chai wakati kila mtu ana birika nyumbani.

Ofisi yao iko ghorofani, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Mnara wa Saa. Chumba cha kuendeshea mikutano hakina cha kumvutia mgeni: meza nne, kila moja na kompyuta mbili na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ikisema Ukumbi A, Ukumbi B, na kuendelea, betri za akiba chini ya meza, na dirishani kuna kisanduku cha intaneti ya simu ambacho antena yake imefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Siku ya kwanza nilipokwenda kukagua, nilimwuliza fundi, kijana mpole asiye na maneno mengi, kingetokea nini mkongo wao wa intaneti ukikatika katikati ya kikao. Hakunijibu. Alifungua mkutano wa majaribio, akaniomba nikae mbele ya kamera na kuhesabu kwa sauti, kisha akainama akachomoa waya wa mkongo ukutani. Picha yangu iliganda, sauti ikapotea, na kabla sijafika thelathini nilijisikia tena kwenye spika, nikiwa kwenye intaneti ya simu ya kampuni nyingine kabisa. Nimekaa kwenye kamati nyingi za zabuni na nimesomewa maandiko mengi ya kiufundi yenye rangi na michoro, lakini hakuna lililonitosheleza kama ule waya uliochomolewa.

Swali langu la pili lilikuwa gumu zaidi. Wanaokumbuka Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kudokoa, wanajua kwamba kuwa na kampuni mbili za mtandao hakusaidii kitu ikiwa zote zinategemea njia hizohizo za baharini. Jibu nililopewa lilinionyesha kwamba watu hawa wamelifikiria jambo lenyewe: hotuba zote kuu zitarekodiwa siku kumi kabla na nakala kuwekwa nje ya nchi, na katika kila chumba mwenyekiti mmoja aliye nje ya Tanzania atapewa mamlaka ya mwenyeji-mwenza, ili Arusha ikipotea hewani kikao kisivunjike. Namshukuru Mungu hatukulazimika kuhakikisha kama mpango huo unafanya kazi, ila mwenyekiti wetu wa Accra alipewa mafunzo ya saa nzima, na siku ya pili mwenzake wa hapa alipochelewa kuingia, yeye ndiye aliyefungua kikao bila wasikilizaji kugundua.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho tulichokinunua hasa, ingawa kwenye ankara kilikuwa mstari mmoja tu ulioandikwa "mazoezi ya watoa mada". Dada mmoja wa kampuni hiyo alikutana mtandaoni na watoa mada wetu wote, mmoja baada ya mwingine, nusu saa kila mmoja, kwa muda wa wiki mbili na nusu. Hakuwafundisha kuhutubia. Aliwakagua kama nesi anavyokagua mtoto kliniki: kaa hapo utakapokaa siku yenyewe, tumia kompyuta utakayotumia siku yenyewe, washa kamera, fungua slaidi zako, zifunge, zima maiki, iwashe, sasa nionyeshe utakavyofanya mtandao ukikutoa. Akagundua kwamba profesa mmoja amekaa na dirisha mgongoni na uso wake hauonekani, mwingine kompyuta ya chuo inamkatalia kusakinisha programu yoyote bila ruhusa ya idara ya TEHAMA, na mwingine maiki yake imezibwa na kipande cha karanga. Kila aliyemkagua alimwandikia mstari mmoja kwenye daftari, wenye namba ya simu ya kawaida, namba ya jirani au mwenzake wa ofisini, na aina ya mtandao anaotumia. Nililiona daftari lenyewe. Ni la kaunta, lile la jalada gumu jeusi, na ningekuwa mwenye kampuni ningelifungia kwenye sefu.

Daftari hilo ndilo lililotuokoa siku ya pili. Mtoa mada alikuwa mzee wetu mmoja anayeishi Moshi, naye alikuwa dakika ya saba ya mada yake pale umeme ulipokatika mtaani kwake na kisanduku cha intaneti kikazima pamoja na taa. Skrini ilibaki na jina lake tu, kisha hata jina likaondoka. Nilikuwa nimeketi nyuma ya yule dada. Alikuwa ameshashika simu kabla mwenyekiti wa kikao hajamaliza kusema "nadhani tumempoteza".

"Shikamoo Profesa. Umeme?"

"Marahaba, mwanangu. Giza tupu hapa, na bando langu halifungui hata meseji."

"Usiwe na wasiwasi. Usikate simu. Tuko slaidi ya tisa, mimi nakusogezea. Wewe endelea tu, ukitaka tusonge sema."

Fundi aliichomeka simu kwa waya kwenye mtambo wa sauti, slaidi zikafunguliwa kutoka nakala yao, na mzee akaendelea kwa sauti nyembamba kidogo lakini iliyosikika vizuri kuliko ya wengi waliokuwa na mkongo. Kila baada ya muda alisema "songa, mwanangu", na hao wasikilizaji wa Ibadan wakadhani ni sehemu ya mada. Watoa mada walikuwa wamenung'unika sana, nami nikiwa miongoni mwao, kuhusu sharti la kuwasilisha slaidi saa 48 kabla ya kikao na kukataliwa kubadilisha hata nukta baada ya hapo. Baada ya tukio hilo sikusikia tena mtu akinung'unika.

Kuhusu mada za kawaida, tulifuata ushauri wao kwa sehemu tu, na hapa lawama ni yetu. Walitushauri kila mtoa mada arekodi wasilisho lake mapema, na muda wa mubashara uachwe kwa maswali. Huo si uvumbuzi wao. Aprili 2020, mkutano mkubwa wa watafiti wa akili bandia uitwao ICLR, ambao ulikuwa ufanyike Addis Ababa, ulihamishiwa wote mtandaoni kwa sababu ya UVIKO-19, na namna hiyohiyo ya kurekodi mapema ndiyo iliyotumika. Mkutano huo ulikuja kupata ukumbi Afrika mwaka 2023, Kigali. Kamati yetu ilikataa, ikisema mada iliyorekodiwa ni kama wali wa jana. Matokeo yake vikao vya mubashara vilijaa mawasilisho yaliyopitiliza muda na maswali yakakatwa, wakati kwenye hotuba kuu zilizorekodiwa mzungumzaji aliweza kujibu maswali kwa maandishi huku sauti yake mwenyewe ikiendelea kuhutubia, na mjadala ukawa mzito kuliko ule wa vyumba vingine vyote. Tulipoomba vikao vya maswali virudiwe usiku kwa ajili ya wenzetu walioko Marekani, kampuni ilitaka malipo ya ziada ya usiku, jambo ambalo ni haki yao, lakini lingefaa lisemwe siku ya mkataba, si siku tano kabla ya kongamano.

Kosa lao kubwa lilikuwa la saa, na ni kosa ambalo mtu wa nje hawezi hata kulielewa bila kuchorewa. Ratiba ya Kiswahili tuliyowapa ilisema hotuba kuu ya siku ya kwanza itaanza saa 8:00 mchana. Aliyetayarisha ratiba ya Kiingereza, akiwa na haraka au usingizi, aliihamisha ile 8:00 kama ilivyo, na mzungumzaji wetu wa Accra, ambako wako nyuma yetu kwa saa tatu, akaelewa kwamba anatakiwa saa mbili asubuhi ya Arusha. Mama wa watu aliamka, akavaa kitenge chake, akawasha taa na kukaa mbele ya skrini tupu saa kumi na moja alfajiri. Mwaliko wa kalenda uliotumwa na programu yenyewe ulikuwa sahihi, maana mashine inajua kubadilisha saa za nchi, lakini yeye alikuwa ameichapisha ratiba na kuibandika ukutani, kama ambavyo ningefanya mimi. Alirejea kwa wakati ufaao na kutusalimia kwa kutuambia kwamba kwake siku hiyo ilikuwa imepambazuka mara mbili. Kampuni iliomba radhi kwa barua. Kwa kuwa nakala ya mwisho ya ratiba hiyo niliipitisha kwa saini yangu, sehemu ya aibu naibeba mwenyewe. Hata hivyo, kampuni ya Kitanzania inayouza huduma ya mikutano ya kimataifa haiwezi kujitetea kwamba haikuijua tofauti ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu.

Wakalimani walikuwa wazuri, baada ya mabishano. Ankara ya kwanza iliweka mkalimani mmoja kwa kila lugha, na tulilazimika kusisitiza wawe wawili wawili, kwa kuwa kazi ile huchosha akili na desturi ya fani ni kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Kifaransa hakikuwa na mtu wa kukileta moja kwa moja kwenye Kiswahili, hivyo kilipitia Kiingereza kwanza, na mzungumzaji wa Kinshasa alipofanya mzaha, vicheko vilifika kwa zamu: kwanza wanaojua Kifaransa, halafu wa Kiingereza, na sisi wa Kiswahili tukacheka wakati yeye ameshaingia kwenye takwimu.

Chumba cha mabango ndicho kilichonikera, na nasema hivi nikiwa nimetulia. Kwenye onyesho la mauzo tulionyeshwa ukumbi uliochorwa kama ramani, una mazulia na mimea, na kila mshiriki ana kikaragosi chake kinachotembea. Ukikaribia bango, kamera yako na ya mwenye bango zinafunguka mkaanza kuzungumza. Kamati nzima ilishangilia. Hakuna aliyeuliza, na kampuni haikusema, kwamba onyesho lile lilifanyika kwenye kompyuta yenye mkongo, ilhali washiriki wengi wa kongamano letu wangeingia kwa simu za mkononi. Kwenye simu ukumbi ule ulichukua dakika kadhaa kufunguka, ukala bando, na kikaragosi kikaganda mlangoni. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye alikuwa amelipia mchoraji ili bango lake lipendeze, alisimama pembeni mwa bango hilo saa nzima na kupata wageni wawili. Mmoja nilikuwa mimi. Mwingine alikuwa anatafuta njia ya kwenda Ukumbi B. Bango lilelile lingewekwa kwenye tovuti kama picha ya kawaida, na kundi la WhatsApp chini yake, lingesomwa na watu mara kumi ya hao, kwa gharama ya bure.

Kwa upande wa bando walijitahidi. Kikao cha video cha saa nzima kinaweza kula zaidi ya nusu ya gigabaiti, na kwa mwanafunzi siku tatu za hivyo ni fedha ya kula. Walituwekea njia ya pili ya kusikiliza sauti peke yake, na wakawarushia bando wanafunzi tuliowapa orodha yao, moja kwa moja kwenye namba zao za simu, kila siku asubuhi kabla ya saa mbili, bila hata mmoja kulalamika kwamba hakupata.

Kitu ambacho hawakuweza kukileta, na sidhani kuna anayeweza, ni foleni ya chai. Walifungua chumba walichokiita kijiwe, kikiwa wazi mchana kutwa, na kila nilipoingia nilikuta watu wanne wametazamana wakisubiri mmoja aanze. Watafiti wa nchi mbili huanza kufanya kazi pamoja mmoja anapomuuliza mwenzake kama ile sambusa ni ya nyama au ya dengu, na swali hilo halina pa kuulizwa kwenye skrini. Madereva wa teksi na wauza nyama choma wa Arusha nao wana maoni yao kuhusu makongamano ya mtandaoni, nami nimeyasikia, lakini si ya kuchapishwa.

Vyeti vilitoka siku iliyofuata, mapema kuliko tulivyotarajia, na mapema hiyo ilikuwa na bei yake. Mtambo ulichukua majina kama yalivyojitokeza kwenye chumba cha mkutano bila binadamu kuyapitia, hivyo tukapokea cheti rasmi, chenye nembo ya chama na saini ya mwenyekiti wetu, kinachothibitisha kwamba Galaxy A12 alishiriki kikamilifu siku zote tatu. Kulikuwa na vingine vya "Mama Junior" na "Simu ya Ofisi". Vilirekebishwa ndani ya wiki bila malipo. Cha Galaxy A12 nimekihifadhi.

Rekodi zilichukua wiki tatu badala ya moja iliyoandikwa kwenye mkataba, ila zimekatwa kwa uangalifu, kila mada na faili lake, na jina la mtoa mada limeandikwa sawasawa, pengine kwa sababu safari hii waliyatoa majina kwenye lile daftari jeusi. Mada ya mzee wa Moshi ipo nzima, pamoja na "songa, mwanangu" zake zote. Mhariri aliniuliza kama azitoe nikamwambia aziache.

Tutawatumia tena. Kwenye rasimu ya mkataba mpya nimeandika kwamba saa zote, kwa lugha zote, zitaandikwa kwa mfumo wa saa 24 na jina la mji pembeni, kwamba majina ya vyeti yatapitiwa na mtu, na kwamba mazoezi ya watoa mada yatafanywa na dada yuleyule au mtu aliyefundishwa naye. Watoa mada wote watarekodi mapema, wapende wasipende. Ankara kifani ya kongamano lijalo imeshafika mezani kwangu wiki hii. Ukumbi wa vikaragosi umo tena, safari hii ukiwa na bustani na chemchemi ya maji, na nimeupigia mstari wa kalamu nyekundu.